Neno la Kumi

Harufu ya nta ya sakafu hunipandisha hasira mpaka leo, na nta yenyewe ndiyo kazi yangu. Nina kampuni ya usafi hapa Birmingham, niliyoianza kwa ndoo moja na goti bovu nikiishi chumba kimoja Saltley, bila mtu wa kunishika mkono. Shule niliishia darasa la tatu. Siwaambii ili mnionee huruma; wenye digrii nimewaajiri.

Mwezi uliopita niliitwa kuangalia sakafu ya sinagogi moja, nitaje bei. Mlango ulipofunguka ile harufu ikanipiga usoni: nta, mbao kuukuu, vitabu vilivyoshikwa na mikono mingi. Nikasimama mbele ya ubao wa matangazo nikijifanya nasoma, kumbe nangoja moyo utulie. Ubao umejaa. Ibada ya Ijumaa jioni na ya Jumamosi asubuhi. Darasa la Kiebrania la watoto, Jumapili. Kusuka mkate wa Sabato, njoo na aproni yako. Chakula cha mchana cha wazee, anayehitaji gari aseme. Na chini kabisa, kwa kalamu: Alhamisi asubuhi mwenzetu anamwombea mamake, tunafika wanane tu, tafadhali njooni.

Mama aliyenipokea akaona nimekodolea macho pale. Akaanza kunieleza kwamba sala ile ya wafiwa haisomwi mpaka watu watimie kumi.

"Najua," nikamkata, kwa ukali mpaka akarudi nyuma. "Najua sana."

Nilijua nikiwa mtoto wa miaka minane au tisa, katika mji wetu wa reli kule Bonde la Ufa, siku zile baada ya uhuru ambapo Wazungu wengi walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka. Wayahudi walikuwepo, wachache, na nyumba yao ya sala ilikuwa ya mabati mekundu. Baba yangu ndiye aliyeifagia, akaipiga nta na kutunza funguo. Mimi nilikuwa nimetolewa shule ili kaka zangu wasome, basi nikamfuata Baba kila aendako. Alinifunga matambara miguuni, nikateleza juu ya ile sakafu kuing'arisha, huku na huko, kama bata kwenye matope.

Palikuwa na fundi saa mmoja, mzee asiye na mtoto, tukimwita Mzee Tiktak. Mkewe, Mama Rosa, alikuwa akinipa maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, matamu mpaka meno yanauma. Akafa wakati wa masika. Barabara ya makaburini ilikuwa uji, gari likakwama, na Baba na wanaume wengine watatu wakalibeba jeneza begani mpaka kaburini, matope magotini. Hilo nililiona kwa macho yangu. Liwekeni moyoni, maana wao hawakuliweka.

Asubuhi yake Mzee Tiktak akaja kumwombea mkewe. Alikaa kwenye kigoda, koti limechanwa kifuani, ndiyo desturi yao ya msiba. Wenziwe wakaingia mmoja mmoja, wakipangusa matope mlangoni. Halafu hakuingia mtu tena. Tukangoja. Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye kinu cha unga, hakuwahesabu kwa kidole, kwao ni mwiko. Alisoma mstari wenye maneno kumi, kila neno akimtazama mtu mmoja. Neno la kumi likabaki halina mtu.

Mimi nikamwona mwenye neno hilo. Si yule pale mlangoni, kofia mkononi?

"Baba yupo!" nikapaza sauti. "Baba ni wa kumi!"

Mmoja akacheka puani. Mwenye kinu akaniinamia, akasema kwa kile Kiswahili chao cha shambani, "Toto, baba yako iko mtu mzuri sana. Lakini hapana Myahudi. Hapana hesabu yeye."

"Basi nihesabu mimi."

"Wewe mwanamke. Hata bibi yangu hapana hesabu."

Basi wakamtuma nani kwenda kumtafuta wa kumi? Baba! Ilisemekana hoteli ya stesheni kuna Myahudi mpita njia, mwuza mashine. Baba akatoka mbio, na mimi nyuma. Tukamkuta ukumbini amelaza shavu mezani, ananuka pombe ya jana na ya juzi.

"Mimi?" akasema. "Sijaomba tangu nikivaa suruali fupi. Niache nilale."

Baba hakumwacha. Alimwosha uso kwa maji ya glasi. Akapiga magoti akamfunga kamba za viatu. Baba yangu, magoti chini! Kisha akamkokota barabara nzima, watu wa sokoni wakimtania Baba: "Josiah, umeokota nini leo? Kinauzwa?"

Kule ndani wakamvika kofia ndogo, na Baba akasimama nyuma yake, kiganja mgongoni, asianguke. Neno la kumi likapata mtu. Mzee Tiktak akainuka akaanza kusoma, na kila sauti yake ilipolegea wenziwe wakaitikia kwa pamoja, kama watu wanaovuta kamba moja. Yule mlevi alikuwa na kwikwi. Alihesabiwa. Mkono uliomshikilia haukuhesabiwa.

Tukirudi nyumbani nilikuwa nalia kwa ghadhabu. "Baba, yule mlevi anakushinda nini?"

"Hanishindi kitu."

"Mbona wamemhesabu yeye?"

"Wewe ulikuwa ukinitazama mimi," akasema. "Mimi nilikuwa nikimtazama mzee."

Jibu gani hilo? Nilimnunia siku nzima. Na hasira ile sikuitupa. Nilivuka nayo bahari, ndiyo mtaji wangu wa kwanza. Kila aliyenitazama kama ufagio hapa Uingereza aliikuta inamngoja.

Sasa sikilizeni. Mwaka juzi Mama Furaha, Mkongo wa Uvira ninayefanya naye kazi, alipigiwa simu kwamba mwanawe amefariki kule nyumbani. Karatasi zake hazikumruhusu kusafiri. Tukatangaza kwenye kundi la kanisa: maombi kwake, Saltley, Jumamosi mchana. Simu ikajaa viganja na mioyo iliyopasuka. Pole mama. Tuko pamoja. Pamoja wapi? Nimefika na sufuria ya pilau ya watu thelathini, nakuta viti vya kuazima vimepangwa, vitupu, na jirani mmoja anakoroga chai.

"Mama," Mama Furaha akaniuliza, "batu beko wapi?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikaweka sufuria chini, nikatoka, nikaingia kwa kinyozi wetu Alum Rock Road. Vijana wamejaa, mpira kwenye televisheni.

"Simameni. Kuna msiba."

"Aunty, huyo mathe hata simjui," akasema mmoja aliyekuwa kitini. "Na hii nywele je? Iko nusu!"

"Nimekuuliza kama unamjua? Vaa koti."

Na ni pale barabarani, nikiwaswaga kama mbuzi, Baba aliponiingia akilini. Sheria iliyomwacha nje ndiyo hiyohiyo iliyomtoa mlevi mezani, kwa sababu ilikataa kumwacha mzee alie peke yake, na haikujali anayeletwa ni mtu wa namna gani. Kumwacha Baba mlangoni sijawasamehe, na sitaki ushauri. Lakini sisi? Kwetu kila mtu anahesabiwa, ndiyo maana akikosekana hakuna anayeona pengo.

Viti vilijaa. Yule wa nusu kichwa akakalishwa karibu na Mama Furaha, naye akamkamata mkono, akamsimulia mwanawe kwa Kiswahili cha kwao, sijui kijana alielewa robo ngapi. Tulipoanza kuomba, mama akataka kulitaja jina la marehemu, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika. Kijana akalisema yeye, Dieudonné, vibaya kabisa, lakini kwa sauti, na sote tukaitikia.