Goretti na Vyura wa Mapokezi

Kuna watu wakiagizwa jambo huinama, na kuna Goretti Nabwire. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa mfanya usafi katika gesti ya Bwana Herbert, mtaa wa nyuma ya maegesho ya malori, Busia upande wa Uganda. Kwa kupiga deki hakuwa na mfano, na ulimi wake vilevile. Aliwahi kukataa kufua chupi za wageni, akasema mtu mzima afue zake. Mgeni mmoja alipomwita "wewe msichana", aliweka ndoo chini, akasimama, akamsubiri mpaka alipomwita vizuri. Herbert alimvumilia kwa kuwa vyumba vyake vilinukia vizuri kuliko vya gesti nyingine mpakani. Naye alimvumilia Herbert kwa kuwa Bridgit, bintiye wa mwisho, alikuwa bado shuleni.

Habari ya vyura ilianza na samaki. Herbert alinunua sanduku kubwa la kioo kule Tororo kwa mtu aliyekuwa akihama, akaliweka mapokezi likiwa na samaki sita wekundu. Samaki hawakumaliza wiki mbili. Kioo kikabaki kitupu, na Herbert hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bure. Wageni wake wengi walikuwa madereva na mawakala wa forodha waliokwama wakingoja karatasi zao zitoke, na aliona wanahitaji kitu cha kutazama. Basi akamwambia Goretti, kwa vile yeye ni mtu wa Bulumbi na amekulia kando ya kinamasi, amletee vyura. Alitaka wale wadogo wa kwenye mafunjo, wa kijani wenye mistari.

Goretti alikubali, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko mengine yote. Alidhani ni mchezo wa siku mbili tatu. Jioni moja baada ya mvua aliingia kwenye mafunjo chini ya shamba la mumewe, Mangeni, akakamata tisa, hakuna hata mmoja aliyezidi ncha ya kidole gumba. Mangeni alimtazama akifunga ndoo kwa kitambaa, akamuuliza kama siku hizi huko mjini watu wanafuga vyura. Alimjibu kuwa watu wa mjini wanafuga chochote kisichoweza kuwapiga teke.

Siku za kwanza mambo yalipendeza, ukweli usemwe. Vyura walijibandika kwenye kioo huku koo zikitutumka, na jua likizama walilia kwa sauti nyembamba, kama vijiko vinavyogongwa kwenye glasi. Wageni walitoa simu wakawapiga video. Odhiambo, wakala kutoka upande wa Kenya aliyelala pale kila wiki, alivuta kiti karibu akaacha hata mpira kwenye televisheni. Shallon wa mapokezi aliwapa majina. Aliyewalisha ni Goretti. Chura hali kilichokufa, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya deki alizunguka ukuta wa nje akiokota kumbikumbi na panzi walio hai.

Siku ya tano vyura walinyamaza. Herbert alisema ni kwa sababu kioo kimechafuka, akaagiza kioshwe kwa ile sabuni ya madirisha mpaka king'ae. Goretti alisita, lakini alikiosha. Aliwatoa vyura mmoja mmoja kwa mikono iliyotoka kusugua vyoo, akawatia kwenye beseni, akasugua kioo, akasuuza kwa maji ya bomba, akawarudisha. Kesho yake wawili walikuwa wamelala chali, ngozi zimefifia kama majani yaliyokauka.

Aliwabeba kiganjani mpaka nyuma ya gesti, akawafukia karibu na migomba. Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake, ambaye aliwafukuza wanawake wote waliokuja kufulia kisimani. Chura hanywi kwa mdomo, mama alikuwa akisema, anakunywa kwa ngozi. Ukimmwagia sabuni umemnywesha sabuni. Goretti alinusa mikono yake. Ilinuka dawa ya choo. Jambo hilo alilijua tangu ana miaka sita, na bado alifanya kama alivyoagizwa, yeye ambaye watu wote walidhani haagiziki. Hasira iliyompanda haikuwa ya Herbert peke yake.

Alimkuta Herbert mapokezi, akamwambia bila kuzunguka.

"Bosi, chura mbili zimekufa. Sabuni ndiyo imeziua, na mkono yangu. Hizi zingine nataka kurudisha Bulumbi."

Herbert hakuinua macho kwenye simu. Alisema vyura hawana mwenyewe wala hawamaliziki duniani. Wakifa wawili, alete wanne. Tena Ijumaa wanakuja wafanyabiashara kutoka Nairobi kwa mkutano, kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo kioo kioshwe tena.

Shallon naye, aliyewapenda vyura kweli, alijaribu kumtuliza. Alimwambia Mama Bridgit afikirie vizuri: humu ndani wana chakula, hakuna nyoka, hakuna korongo. Huko nje malori yanawaponda barabarani kila mvua ikinyesha. Je, huko ndiko kuwahurumia? Goretti hakulipuuza swali hilo. Alikaa nalo siku mbili nzima, akipanda na kushuka ngazi na tambara lake. Alijua kinamasi si peponi. Alishawahi kuona korongo akimeza vyura kumi kwa asubuhi moja. Alhamisi alimpa Shallon jibu lake, wakikunja mashuka.

"Korongo akikula chura, hiyo ni kazi yake, na chura anajua kumkimbia. Mimi hajui kunikimbia. Kioo iko pande zote."

Ijumaa asubuhi alifika mapema. Hakugusa sabuni wala dawa yoyote. Aliisuuza mikono yake kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa, mara tatu, kisha akawatoa vyura saba waliobaki, akawatia kwenye ndoo yenye majani mabichi, akaifunga kitambaa. Mlango wa nyuma ulikuwa karibu, tena wazi. Yeye alipita wa mbele, katikati ya mapokezi, wageni wakiwa wanakunywa chai. Odhiambo alirudisha miguu yake nyuma ili apite.

Herbert alikuwa barazani akiwapokea watu wa Nairobi. Aliitazama ndoo, akauliza ni kitu gani hicho, ingawa alijua. Alipojibiwa, alimsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini kuwa ni aibu gani hii, kupita na vitu hivyo mbele ya wageni.

"Ningepita nyuma ungesema nimeiba," Goretti alisema, na yeye hakushusha sauti.

"Ukitoka nazo, usirudi hapa."

"Natoka nazo."

Akapanda boda akiwa amepakata ndoo, mpaka Bulumbi. Mangeni alikuwa analima. Aliacha jembe akaja kusimama pembeni. Goretti aliinamisha ndoo kwenye maji chini ya mafunjo. Sita waliruka mara moja. Wa saba, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mlegevu, alikaa muda mrefu ukingoni mwa ndoo kama mgeni asiyejua kiti chake, kisha akajitia majini. Hatua chache kutoka pale korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Goretti hakumfukuza. Jioni ile mafunjo yote yalilia, na hakuweza kujua sauti ipi ni ya vyura wake na ipi si yao.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa amevaa gauni lake la kazi, anapiga deki pale mapokezi.

Herbert aliposhuka alisimama kwenye ngazi. Alimkumbusha kwamba jana alimfukuza.

"Ulisema kwa mdomo," Goretti alisema. "Miaka kumi na moja haifukuzwi kwa mdomo. Andika barua, useme kile nimefanya, mimi nitaenda."

Herbert alichukua karatasi kwa kishindo. Aliandika tarehe, akaandika jina lote la Goretti, akaandika kwamba amefutwa kazi kwa sababu ya, na kalamu ikasimama. Alisema ataandika wizi. Goretti, bila kuacha deki, aliuliza ni mali ya nani iliyoibwa, maana bosi ndiye aliyesema vyura hawana mwenyewe. Herbert akasema basi ni kukaidi amri. Goretti alikubali kwamba hiyo ni kweli tupu, akaomba tu na amri yenyewe iandikwe, kwamba aliambiwa aue vyura kwa sabuni akakataa, ili watu wa Bulumbi wakimuuliza awasomee. Shallon aliinamia daftari la wageni kana kwamba ameona kosa ndani yake.

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda wa kutosha chai kupoa. Kisha Herbert aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema ukumbi wa juu bado haujapigwa deki.

"Najua," Goretti alisema. "Bado sijafika."

Hakumshukuru, wala Herbert hakumwomba radhi, na hadi leo hawajalizungumza tena. Lile sanduku la kioo lingalipo mapokezi. Herbert alilijaza maua ya plastiki, akamwambia Goretti awe anayapangusa vumbi. Goretti alimjibu kuwa kioo kile hatakigusa tena mpaka anakufa. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa mwenye gesti hukunja mikono ya shati lake jeupe na kuyapangusa mwenyewe, ua moja baada ya jingine, huku Goretti akimpita na ndoo yake.