Krismasi Mji Ulipobaki Wetu

Nilikuwa mtoto mjinga kiasi cha kumwomba Mungu Wachaga wakishaenda kwao kula Krismasi wasirudi tena. Nilidhani wao ndio wanaotumalizia maji ya bomba, maandazi na nafasi ya kuchezea mpira.

Juzi niliona mabasi ya Moshi yakipakiwa mizigo hadi juu, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, mtaani kwetu Daraja Mbili. Cherehani za barazani zilikuwa kimya. Mtaa ulinuka vumbi lililonyeshewa, bila harufu ya vitunguu kukaangwa. Nilicheza mpira katikati ya barabara kama mfalme, mpaka njaa ikaniuma, nikakuta maduka yote yana kufuli.

Nyumbani, mama alikuwa amekaa mbele ya ndoo ya maziwa ya ng'ombe wetu. Wateja wake walikuwa wapangaji wa mtaani, na wapangaji walikuwa Moshi. Maziwa yalishaanza kunuka uchachu.

"Mama, si sasa mji ni wetu?"

"Ni wetu, baba. Haya, kunywa."

Nikanywa mpaka tumbo likauma. Sikujua kwamba sare yangu ya Januari ilikuwa ndani ya ndoo ile.

Nilimsimulia haya jirani yangu Mama Neema, Mchaga wa Rombo, akifunga begi la safari. Mwishoni nikaongeza, kwa ujinga uleule, kwamba siku hizi hata mtaa wa Njiro wageni wamezidi.

Akasema, "Wewe hujawahi kuhama hata chumba ulichozaliwa. Tungekuwa wote kama wewe, hapa pangekuwa na ng'ombe tu, na wewe ungekuwa unawachunga."