Kuku Alipanda Mzima

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alishuka kisimani huko Mtinko hakupanda. Kuku aliyemtanguliza kupima hewa alikuwa amepanda mzima. Watu wakasema karogwa. Mimi nikasema alimvuta kuku upesi mno. Nikaacha shule darasa la tatu, nikashika sururu.

Miaka arobaini nimechimba visima. Nateremsha kuku kwenye tenga, nahesabu mpaka mia mbili, namvuta. Akiwa hai, nashuka. Hakuna aliyefia kisimani kwangu.

Binti yangu wa mwisho anafanya utafiti chuo kikuu. Anachoma unga wa bati kwenye tanuru, anaupaka kwenye kigae kidogo kuliko ukucha. Betri inakipasha moto, na hewa mbaya ikiugusa unga, king'ora kinalia. Miaka minne ni unga tu. Nilimwambia, "Wenzako wakishika unga, watu wanakula."

Mwaka jana alikileta kigae hicho kwangu Unyambwa, nilikokuwa nachimba kisima. Tulikuwa tumetoka kuvuta maji kwa pampu ya petroli iliyowekwa humo humo kisimani. Kuku akapanda, anajikung'uta. Nikajifunga kamba.

"Baba, shikamoo kwa mara ya pili," binti akasema, "lakini hushuki mpaka na changu kishuke."

Nikainama kukitazama. Kikalia. Asubuhi nilikuwa nimepata pombe ya mtukuru.

"Kimekujua," mke wangu akasema.

"Kinalilia pombe hicho," nikasema. " Kitajuaje moshi?"

Binti akatoa kalamu. Akaandika kwenye daftari, akasema, "Hiyo ndiyo kazi iliyobaki, kisililie pombe. Sogea nyuma, baba."

Nikasogea. Akakiacha mpaka kikanyamaza, akakiteremsha. Kilipofika chini kikalia, hakikukoma. Huko chini hakuna mlevi. Nikamrudisha kuku, safari hii nikahesabu mia mbili mara tatu. Akapanda shingo imelala.

Nikakaa chini. Baba hakumvuta kuku upesi. Alimvuta kama mimi tu. Nikafungua kamba mbele ya vibarua wangu, na sikuona haya.

Sasa binti akichoma unga mpya ananiletea niupumulie nikishapata mtukuru. Wa mwisho ulilia kidogo tu.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe kumi na wanane, shamba la alizeti, mashine ya kukamua mafuta, pampu mbili ambazo haziingii tena kisimani, kamba, masururu, kigae kimoja chenye king'ora, na kuku ambao kazi yao ni kutaga.