Mlango wa Pikapu ya Mwalimu

Pale gerejini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Mama Msasa, na kweli msasa haukumkosa mfukoni: vipande vya kila aina, vikali na laini, vimekunjwa kama barua. Kazi ya rangi aliiingilia mlango wa nyuma. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishona vitambaa vya viti vya magari, na Mama Msasa ndiye aliyevipeleka gerejini. Siku moja alimkuta fundi rangi wa pale, mzee mwenye kikohozi, akisugua boneti kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kiuno.

"Lete nikusaidie, mzee wangu, usije ukaanguka."

Akamsaidia siku ile, na kesho yake, na miaka ishirini na sita ikakatika. Mzee alipostaafu alimwachia kompresa, bunduki ya kupulizia rangi na agizo moja: gari linaloweza kung'arishwa, usilipake rangi upya. Mama Msasa alilishika agizo hilo hadi wateja wengine wakamwona mbishi. "Rangi ya kiwandani ni ngozi," aliwaambia. "Hizi zetu ni nguo."

Mwaka aliotimiza miaka hamsini na minane, mwalimu mmoja mstaafu alimletea pikapu yake. Ilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na ilikuwa ya buluu kwa kusikia tu. Kwa kuiona, ilikuwa nyeupenyeupe kama ubao uliofutwa vibaya. Ilishabeba madawati, mifuko ya saruji, wagonjwa, na mara moja mama mjamzito ambaye hakufika hospitali. Alijifungulia humo humo nyuma, Mwalimu akiwa ameshika usukani na kutazama mbele tu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tulipake rangi mpya?"

"Marahaba. Hapana, mama. Sitaki gari jipya. Nataka lile langu."

Mama Msasa akampenda palepale.

Aliliosha mara mbili, akalipapasa kwa kiganja kitupu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, akitafuta vijipu vya kutu. Kisha akaanza na msasa laini kuliko yote, ule wa maji, akisugua kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha. Maji yalitiririka yakiwa na rangi ya maziwa ya buluu: ile ilikuwa rangi iliyokufa. Kwenye kingo za boneti alipunguza mkono, maana pale rangi huwa nyembamba na ukizubaa unakutana na chuma. Siku ya pili akapitisha dawa ya kung'arishia kwa mashine, siku ya tatu kwa kitambaa. Siku ya nne fundi umeme wa banda la jirani alikuja kujitazama kwenye boneti na kuchana ndevu zake.

Ukabaki mlango wa dereva. Huo ulikuwa umeliwa na kutu chini, na hapo msasa peke yake usingetosha. Akaukata ule uozo, akachomelea kipande cha bati, akaweka puti ya kuziba mabonde, akasawazisha, kisha akachanganya rangi. Alijaribisha kwenye kifuniko cha kopo, akakianika juani, akakiweka kando ya bodi. Sawasawa. Akapuliza mlango wote.

Mwalimu alipokuja kuliangalia alilizunguka gari huku akitabasamu, akafika upande wa dereva, akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, mlango huu umeutoa kwenye gari jingine?"

Mama Msasa alicheka akidhani ni utani. Aliona mwenzake hacheki, akamwita fundi umeme. "Hebu njoo umwambie Mwalimu huu mlango una rangi gani."

Fundi umeme akajikuna kichwa. "Kusema kweli, mama? Kijani."

Damu ilimchemka. Aliwaambia wote wawili wakapimwe macho, akafunga vifaa na kwenda zake nyumbani saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta mumewe kwenye kibanda chake cha ushonaji, mguu kwenye cherehani.

"Nitolee nyuzi zako zote za buluu."

Mumewe alimtazama usoni. Akamwagia mezani kopo zima la nyuzi, za buluu na za kijani pamoja, akamwambia azitenge. Mama Msasa alizitenga haraka haraka, kwa hasira. Alipomaliza, mumewe aliokota vibunda vitano kutoka kwenye rundo la buluu, kimoja kimoja, akavihamishia upande wa pili.

Mama Msasa akaketi.

"Tangu lini unajua?"

"Mwaka na zaidi. Ulivaa lile gauni na kitambaa cha kichwa kisichoelewana nalo, ukaniuliza umependeza."

"Nawe ukasema nini?"

"Nikasema umependeza. Ulikuwa umependeza."

"Mume gani wewe! Unaniacha naaibika mbele za watu!"

"Nilidhani ni mtindo, mama watoto. Nyinyi mafundi rangi mna mambo yenu."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Usiku huo hakula vizuri. Kilichomuuma si ule mlango. Aliwaza magari mangapi yalikuwa yanazunguka mjini na viraka vyake, na wenyewe wakaona haya kumwambia.

Asubuhi alipiga moyo konde akampigia Mwalimu simu. Alimweleza bila kuzunguka: macho yamemtupa, atamtafutia fundi mwingine ammalizie.

"Mikono je?" Mwalimu akauliza.

"Mikono ni mizima."

"Basi tafuta macho ya kuazima. Gari langu halishikwi na mtu mwingine."

Macho ya kuazima yalikuwa yanakunywa chai kwenye meza aliyokaa yeye. Fundi cherehani alifunga kibanda siku hiyo, akaenda gerejini na kopo lake la nyuzi. Alijaribisha uzi baada ya uzi juu ya boneti hadi akapata mmoja uliopotea kabisa ndani ya rangi, usionekane. Akaufunga kwenye kijiti, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mkewe akawa anachanganya.

"Bado. Imelala mno."

"Imelala maana yake nini? Sema nyeusi au nyeupe!"

"Kwetu tunasema imelala. Tia nyeupe tone moja. Tone, nimesema!"

"Usinifundishe kutia."

Waligombana hivyo hadi kopo la saba. Rangi yake ilipokauka kwenye kifuniko, mumewe alikinyanyua, akaweka uzi juu yake, akasema, "Hapo." Mama Msasa akapuliza mlango kwa mara ya pili, mkono ukienda wenyewe kama ulivyozoea. Mwalimu alipokuja aliuangalia mlango, akaufungua, akaingia, akaliwasha gari. Hakusema neno juu ya rangi, na kwa mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote, hiyo ilikuwa alama kamili.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki ya macho. Daktari, binti mdogo tu, alimmulika kwa taa, akasema ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Uzee huu," mumewe akasema, "na mapacha!"

Walimpasua jicho moja, na baada ya miezi miwili la pili. Bandeji ilipotoka alishangaa jinsi shuka za wodini zilivyo nyeupe. Alirudi kazini, akayatafuta magari aliyokuwa na mashaka nayo, akayapata manne, akayarekebisha bila wenyewe kumwomba.

Lakini kwanza kabisa, siku ileile aliyotoka hospitali, alisimama mbele ya kibanda cha mumewe. Mlango wake aliupaka yeye, miaka miwili nyuma, buluu ya kupendeza.

"Mungu wangu! Huu nao ni kijani?"

"Kibichi kama mchicha."

"Kesho naupaka upya."

"Thubutu! Wateja wote nawaelekeza mlango wa kijani. Ukiubadilisha watanipotea."

Walivutana siku mbili. Mwishowe mlango ukaachwa ulivyo, Mama Msasa akapewa dirisha. Alilisugua, akalipaka buluu aliyoichagua mwenyewe, na safari hii hakumuuliza mtu.