Besi Iliyojibu kwa Jina Langu

Nakumbuka asubuhi niliyorudi mjini, mtaani kwetu Nyalenda, kutoka kumzika mama yangu. Nilikuwa kijana wa aibu, mwanangu. Shule niliachia darasa la nane, na mbele ya watu nilikaa kimya. Niliyotaka kusema niliyasema kwa gitaa la besi.

Bendi ilikuwa ya Mzee Awange, aliyezeekea kwenye gitaa la umeme. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya albamu yake kwa muda mrefu, nyimbo za polepole, za majonzi, na mapigo yote ya besi niliyatunga mimi. Nilipopata msiba aliniambia, "Nenda umzike mama. Tutakungoja, ndipo turekodi."

Unajua kwetu mwanamuziki hutajwa ndani ya wimbo. Kiongozi anaita jina lako, nawe unajibu kwa chombo chako, na anayesikiliza anajua huyo ni wewe. Basi nilipokuwa napita bombani, wimbo wetu ukasikika kutoka kwa kinyozi. Mzee akaita, "Odera, wapigie!" Besi ikajibu. Haikuwa yangu.

"Odera, umekuwa mtu mkubwa!" mama mmoja aliyekuwa akiteka maji akanitania. "Leo utatununulia soda, ama namna gani?"

Nikacheka. Ningefanya nini?

Nikaenda Migosi, kwa Mzee. Nilimkuta akinywa chai.

"Mzee, nani alipiga besi?"

"Fundi wa studio, kwa kompyuta. Matanga yenu yalikuwa marefu, bwana. Lakini si nimekutaja? Hilo jina litabaki hata tukifa."

"Unaniita mimi, halafu kinajibu kitu kingine."

"Ah, Odera! Nani atajua?" Akanimiminia kikombe. "Na uisikilize vizuri. Jumamosi tunapiga kule mtaa wa Mamboleo. Watu wanataka besi kama ile ya kwenye rekodi."

Chai ile sikuinywa. Lakini Jumamosi nilipiga, nikiiga kompyuta iliyokuwa imeniiga vibaya. Watu wakapiga kelele, "Odera! Odera!" nami nikatazama viatu vyangu. Sikupanda jukwaani tena. Albamu bado inachezwa mjini humu, na ndani yake hakuna hata mlio mmoja wa mkono wangu.

Mwanangu, mtu akienda kuzika, mngoje. Ukishindwa kumngoja, mwambie uso kwa uso, kisha umtaje aliyefanya kazi. Usimpe mtu sifa ili anyamazie nafasi uliyomnyima. Na wewe ukipewa sifa ya namna hiyo, ikatae siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno mazuri ya kumwambia Mzee wakati walipomzika.

Mungu akupe kazi ya mikono yako mwenyewe, na siku ya msiba wako akupe watu watakaokungoja kweli.