Karatasi Asiyoijua

Kwa miaka tisa Mbithe alikuwa akichapa mtihani wa kuingia chuo cha sheria, na kwa miaka hiyo tisa hakuruhusiwa kuufanya. Kanuni ya chuo ilisema aliyeona maswali haketi na watahiniwa. Mtihani ulikuwa mmoja kwa mwaka, mchapaji yeye peke yake. Basi kila asubuhi alitoka Uthiru, akapanda hadi ghorofa ya nne mjini, akawaandalia wengine njia ya uwakili.

Mwaka wa 2006 mkuu wa chuo, Daktari Mungai, alipata wazo. Mawazo yalimjia kwa wingi. Kazi ndiyo iliyompiga chenga. Alitangaza kwamba mtihani sasa utakuwa kila mwezi, akachapisha mabango River Road, sura yake ikiwa kubwa kuliko tangazo lenyewe. Mbithe roho ikamruka kwa furaha. Mitihani kumi na miwili! Mmoja tu uchapwe na mtu mwingine, naye aufanye.

Lakini nani angetunga maswali? Mawakili wawili wa kazi hiyo walichukua nusu mwaka kutoa karatasi moja, tena kwa kubembelezwa. Walipoambiwa kila mwezi, mmoja alicheka, mwingine akazima simu. Daktari hakujali. Alimwamuru Mbithe achukue maswali ya zamani, la kwanza liwe la mwisho, na mshtakiwa Wanjiru aitwe Akinyi. Usomi wake wote uliishia hapo.

Mbithe akapiga moyo konde, akamwendea ofisini.

"Daktari, karatasi ya Novemba achape Waweru wa mapokezi. Mimi nataka kufanya."

"Haiwezekani, Mbithe. Maswali si umeona yote?"

"Hata ya Novemba?"

"Hata ya mwaka ujao! Ingine itatoka wapi?"

"Sawa, Daktari. Basi niandikie hivyo."

Mwenye akili angeshtuka. Huyu alipenda kutia sahihi kuliko kusoma. Mbithe alichapa barua, Daktari akaitia sahihi na kuigonga muhuri: ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji ameshaona maswali ya mitihani yote ijayo.

Jumamosi ya mtihani watahiniwa sitini waliikuta barua hiyo imebandikwa mlangoni. Daktari alipofika, walikuwa wakiisoma kwa sauti mara ya tatu, na mtihani ukavunjika hapo hapo.

"Umemmaliza mzee!" Waweru alinong'ona.

Mbithe hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na hakuwahi kutaka kummaliza mtu. Alitaka kuketi kwenye dawati, apewe karatasi asiyoijua.