Mchi wa Sikujua

Sikujua alikuwa akitwanga chikichi, lakini sikio lake moja lilikuwa chuoni. Nyuma ya ua wa matete, wanafunzi wa Maalimu Radjabu waliimba herufi kwa pamoja: alifu fataha a, alifu kasra i. Katika sauti zote hizo alitafuta moja tu, ya binti yake Zuwena. Aliipata ikiburuta nyuma ya nyingine.

Wajerumani walikuwa wakijenga boma Usumbura, na mume wake, Nasoro, alikuwa huko akichonga milango. Sikujua alizaliwa Bugarama, mlimani. Dini na Kiswahili alivikuta kwa mume. Watu wa Rumonge, alikoolewa, walimpokea vizuri, ila hofu haikumtoka. Je, mtoto wake watamwona mwenzao?

Jioni moja Maalimu alibisha hodi.

"Mama Zuwena, wenzake wakifika kwa be, yeye iko kwa alifu bado. Wanamucheka. Wanasema anasoma kama mama yake anavyokwenda sokoni."

"Mimi natembea polepole, Maalimu?"

"Mimi sijasema kitu. Alhamisi nitamusikiliza peke yake. Akishindwa, akae nyumbani kwanza, akue kidogo."

Tangu hapo Sikujua alimharakisha mtoto kila mahali, kisimani, ziwani, hata kwenye kula. Alhamisi ilipofika, alihakikisha hakuna kelele. Alimfunga mbuzi mbali, akafukuza kuku, akauegemeza mchi ukutani. Kisha akachungulia kwenye matete.

Zuwena alisimama na ubao wake. Alifungua mdomo, akaufunga. Mguu wake mmoja ulikuwa ukigonga chini, kama unaotafuta kitu. Mbaraka, hodari wa kutania, alianza kucheka, na wengine wakafuata. Zuwena akageukia ua.

"Mama, mbona hautwangi?"

Sikujua alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kumbe mtoto alikuwa akifuata mchi siku zote. Alikimbia kwenye kinu, akatwanga.

Du. "Alifu fataha a." Du. "Alifu kasra i."

Zuwena alikwenda hivyo, bila haraka, bila kukosea, hadi herufi ya mwisho. Alipokuwa katikati, Mbaraka aliacha kucheka, akaanza kuyumba naye. Punde chuo kizima kikayumba.

Maalimu alificha tabasamu nyuma ya mkono wa kanzu yake.

"Kumbe hakuwa anasoma peke yake. Mama Zuwena, unatwanga nini humo?"

"Hakuna kitu, Maalimu. Kinu iko kitupu."

"Basi Jumamosi utie chikichi. Na uongeze mwendo kidogo, tumalize kabla ya adhuhuri."

Sikujua akapata wasiwasi mpya: akichelewa kutwanga, watoto wa watu wanamsubiri. Siku aliyochelewa, Mbaraka mwenyewe ndiye aliyekuja kumgongea mlango.

Nasoro aliporudi kutoka Usumbura, chikichi zilikuwa zimekwisha. Alimkuta mkewe akitwanga kwenye kinu kisicho na kitu, jasho likimtoka.

"Sikujua, uko mzima?"

"Nyamaza, baba Zuwena. Wamefika kwa nuni."